Sauti Kutoka Nyumba ya Juu

Watengenezaji wa mfumo unaoendesha simu za mkononi wametangaza kwamba, kuanzia toleo jipya, simu itatambua yenyewe sauti iliyo muhimu zaidi kwa mwenye simu, na sauti hiyo ndiyo itakayosikika. Programu hazitapigiana kelele tena. Yenye neno itaomba nafasi. Iliyokuwa ikisema itanyamaza kabisa, au itashusha sauti na kungoja mwenzake amalize. Simu inayopigwa itapita mbele ya vyote, itafuata kengele, utafuata ujumbe, na muziki utakaa mkiani. Yote hayo yatafanyika bila kumsumbua mwenye simu. Tangazo lilikuwa refu, na halikusema ni nani waliokaa kikao cha kupanga madaraja hayo. Matangazo ya namna hiyo huwa hayasemi.

Liliingia kwenye simu ya Hosiana huko Bujonde, karibu na Kyela, masika yakiwa yamekolea, naye akalikubali kwa kidole gumba chenye utelezi wa kokoa, bila kulisoma. Hata angelisoma, lisingemwambia jipya. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa akiishi kwenye mji wa ukweni wenye sheria hizohizo, ila huko hakukuwahi kutolewa toleo jipya.

Alizaliwa Mwaya, binti wa kuli wa bandari ya Itungi, enzi meli zilipokuwa bado zinaondoka pale kwenda kusini. Akaolewa Bujonde na Amon, kijana mpole mwenye mpunga kidogo, migomba, miti ya kokoa, na baba. Baba huyo, Anangisye, alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa mila, vitu viwili ambavyo wageni wenye elimu hudai havikai chungu kimoja, na kwake vilikaa vizuri tu, kama wali na maharage.

Mila yenyewe ni hii. Mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake usoni. Hakai naye chumba kimoja, hapishani naye njiani, hali mbele yake, hatamki jina lake. Wanyakyusa wana neno la mambo hayo, ukutila, na maana yake ya kila siku ni kuogopa. Wenyewe watakwambia si woga, ni heshima, na hakuna aliyewahi kupima umbali kati ya viwili hivyo. Siku hizi mwiko umelegea. Kyela mjini wapo wakamwana wanaokaa sebuleni na wakwe zao wakatazama taarifa ya habari kama abiria waliokutana stendi. Kwa Anangisye haukulegea, na Hosiana hakuomba ulegezwe. Mzee alikohoa kabla ya kutokea kwenye kona. Hosiana akaingia migombani, akasimama humo mpaka nyayo zikapita. Kwa miaka yote hiyo alimfahamu kwa vipande: visigino, kofia, mgongo wa koti la Jumapili. Sura hakuijua. Watu walimwambia mzee amefanana na Amon, habari isiyomsaidia sana, kwa kuwa watu haohao walisema Amon amefanana na mama yake.

Maneno ya pande mbili yalipitia kwa mama mkwe, na mama mkwe alipofariki, yakapitia kwa watoto. Watoto wakakua. Asifiwe, wa kwanza, akapata kazi Mbeya; wadogo zake wakaenda shule za bweni. Amon naye akazamia biashara ya ng'ambo ya mto Songwe, nje ya mpaka, huko Karonga, ambako alikuwa na shangazi, duka la vitenge, na sababu za kuchelewa kurudi. Zikabaki nyumba mbili zinazotazamana katikati ya migomba, ya mkwe juu kwenye mwinuko, ya mkamwana chini penye vichanja vya kuanikia kokoa, na hakuna wa kupeleka neno. Ng'ambo ya njia aliishi Prisca, mke wa mdogo wake Amon, lakini huyo naye alikuwa mkamwana, kwa hiyo hakufaa kitu. Hosiana alipika, akapandisha chakula, akakiweka kibarazani, akakohoa, akashuka. Chombo kilirudishwa kwenye kisiki cha katikati ya njia kwa mtindo uleule. Kama chumvi ilizidi, haikujulikana.

Hapo ndipo Amon alipoleta simu mbili.

Mzee alikaa na ya kwake akiitafakari, kisha akatoa hukumu, nayo ikamfikia Hosiana kwa kinywa cha mumewe. Kupigiana simu haiwezekani, kwa sababu anayepiga na anayepokea wanakuwa mahali pamoja kwa masikio, na kukutana ni kukutana. Lakini ujumbe wa sauti ni jambo jingine. Mtu amesema, ameondoka. Mwenzake anakuja baadaye, anakuta maneno peke yake. Ni sawa na chakula cha kibarazani. Mitume nao waliwaandikia watu ambao hawakuwahi kuonana nao, na hakuna aliyewashtaki.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa mfupi. Mama Asifiwe, kokoa ya chini inavunda vibaya, igeuze na uifunike majani mapya, nimemaliza. Alimaliza hivyo kila mara, nimemaliza, kama askari kwenye redio ya upepo. Hosiana hakuweza kuandika jina lake hata kwenye simu, kwa hiyo alimhifadhi kwa jina la Nyumba ya Juu. Kujibu kwa sauti yake mwenyewe ilikuwa zaidi ya alichokiweza. Aliandika neno moja, Ndaga, yaani asante, na kuanzia siku hiyo hakuandika jingine. Mzee hakuhitaji miwani kulisoma.

Kwa majuma ya mwanzo ilikuwa kokoa tupu. Halafu ikaja mvua, halafu nyani, halafu ubishi wa wazee kanisani juu ya bati la kuezekea. Halafu, pasipo mtu kugundua ni lini, maneno yakawa marefu. Alimsimulia jinsi mto ulivyokula shamba la baba yake lote na kuacha mti mmoja, na baba yake akawa anaupalilia mti huo kama vile shamba lipo. Alisimulia alivyopanda meli Itungi akiwa kijana, akatapika hadi Nkhata Bay, akafika akakuta watu wanafanana na wa kwao na wanakula yaleyale, akaona aibu kwa matapishi yote hayo. Alimsema Amon kwa kutopiga simu. Alimweleza mke wake marehemu alivyokuwa akicheka, kwamba alianza kucheka kabla ya kufika pa kuchekesha, hata ikabidi mtu akatishe hadithi. Siku nyingine aliuliza tu kama amekula. Nimemaliza.

Hakuna mtu aliyewahi kuzungumza na Hosiana kiasi hicho. Mumewe alituma pesa na neno nipo njiani, lililokuwa kweli kwa maana pana. Jioni, kazi ikiisha, Hosiana alinawa, akajitanda kanga kichwani kama anavyotakiwa mkamwana anaposikia sauti ya mkwe, akaketi nyuma ya jiko na simu sikioni. Alijiambia anasikiliza maagizo.

Aibu ilimpata msibani. Palikuwa na msiba Mwaya, upande wa kwao, na wanawake walikuwa wameketi mikekani wakichambua mchele. Hosiana aliona ujumbe umeingia, akadhani ni wa Asifiwe, akaubonyeza na kuweka simu sikioni. Simu hizi zina akili yao: ikiwa sikioni hunong'ona, ikitolewa sikioni huona umeamua wote wasikie. Mara akaja mama mmoja kumpa mkono, Hosiana akaishusha simu mapajani kwa heshima, na sauti ya Anangisye ikatoka, nzito, ya mtu aliyezoea kuomba kanisani bila kipaza sauti. Mama Asifiwe, ile supu ya jana ilikuwa nzuri, ila mifupa ulimpa nani.

Prisca alikuwa ameketi jirani. Aliposikia sauti ya mkwe alitupa ungo, akajifunika kanga kichwani, akakimbilia nyuma ya nyumba kabla hajakumbuka kwamba mkwe yuko Bujonde. Mchele ulimwagika. Aliporudi alisimama mbele ya Hosiana, mikono kiunoni.

"Mke mwenzangu," akasema, "wenzio tumekuja msibani na mchele. Wewe umemleta baba mkwe ndani ya kanga?"

Walicheka hadi wafiwa wakacheka. Mtu akauliza mifupa ilikwenda wapi. Mwingine akasema Bujonde siku hizi wakwe wanafugwa mfukoni. Ulikuwa utani wa kawaida wa msibani, wa kuwafuta watu machozi, na Prisca mwenyewe aliusahau kabla ya chakula kuiva. Hosiana hakuusahau. Kilichomuuma si kuchekwa yeye. Ni kwamba mzee alichekwa mbele ya wanawake, na simu ilikuwa mkononi mwake.

Kesho yake alikwenda Kyela mjini kwa fundi simu, Aliko, mwenye kibanda karibu na soko. Alimweleza kwa mzunguko mrefu, kwamba kuna sauti ya mtu fulani isiyofaa kutokea mbele za watu, wala mlio wake usisikike, maana ukisikika watu watauliza ni wa nani. Aliko alidhani ni mchepuko, akaonyesha huruma ya kikazi. Alimweleza jinsi mambo yalivyo humo ndani: kila sauti inaomba nafasi kwa mkubwa mmoja, na mkubwa huyo ndiye anayeamua nani aseme, nani ashushe sauti, nani anyamaze asirudi. Redio ikiwa inasema na ujumbe ukiingia, redio inainamisha kichwa, mlio unapita, redio inaendelea. Hosiana alielewa upesi kuliko wateja wengi, akasema hata kwao ni hivyo.

"Basi huyu namtoa kwenye foleni," Aliko akasema. "Ujumbe wake utaingia kimya. Hautalia, hautatikisika, redio haitamshushia sauti. Utaukuta ukifungua mwenyewe."

"Yeye atajua?"

"Hajui kitu. Kwake itaonyesha umefika."

Hosiana aliona ni vizuri. Ni heshima, akafikiri; angemsikiliza jioni tu, amenawa, amejitanda, peke yake.

"Ila akikupigia italia," Aliko akaendelea. "Simu ya kupigwa hiyo inapita juu ya vyote, hata ufanyeje."

"Hawezi kunipigia."

"Kwa nini?"

"Ni mkwe wangu."

Aliko alimtazama kidogo. Mama yake alikuwa Mkisi wa ufukweni, si Mnyakyusa, lakini amekulia hapahapa. "Aa," akasema, akabonyeza alipotakiwa kubonyeza.

Kwa hiyo, kwa ajili ya heshima, mzee wa kanisa Anangisye aliwekwa kwenye simu ya mkamwana wake chini ya matokeo ya mpira, chini ya kampuni za mikopo, na chini ya mtu asiyejulikana aliyekuwa akimtumia Hosiana kila asubuhi picha ya maua yenye neno la baraka. Hakujua. Aliendelea kusema, na jioni Ndaga ikaendelea kupanda mwinuko. Kama kuna kilichobadilika, ni kwamba Hosiana alianza kuingoja jioni.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Jua lilitoka baada ya mvua nyingi, na mwenye kokoa akiona jua wakati wa masika haulizi habari nyingine. Alikunjua maturubai, akasambaza kokoa kwenye vichanja, akatundika kwenye nguzo spika ndogo aliyonunuliwa na Asifiwe, akaiunganisha na redio ya simuni. Alitaka utabiri wa hali ya hewa, ajue kama afunike mchana. Utabiri haukuja upesi. Ulitanguliwa na kwaya, salamu, mahojiano na mtaalamu wa lishe, na matangazo. Alipandisha chakula asubuhi, akakohoa, akashuka. Prisca alikuwa amekwenda sokoni. Hosiana aligeuza kokoa kwa reki, akaimba na kwaya pale alipojua maneno. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, kimya kama ilivyoagizwa. Mchana wingu likapanda kutoka ziwani, akafunika, likapita bila kitu, akafunua.

Chombo cha asubuhi hakikurudi. Aliliona hilo, akadhani mzee amekwenda kwa wazee wenzake.

Jua lilipolegea alizima spika, akanawa, akajitanda, akaketi nyuma ya jiko. Zilikuwapo sauti tatu. Alifurahi, kwa sababu tatu maana yake ni hadithi.

Ya kwanza ilisema: "Mama Asifiwe. Nimeteleza hapa mlangoni. Mguu wa kulia hausikii. Mtume mtu aje aniinue. Nimemaliza."

Hakungoja nyingine. Alisimama, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mtu wa mahali pengine asingelifanya: alikimbia akiipa mgongo nyumba ya juu. Alikimbia kwenda kwa Hezroni, jirani wa upande wa mpungani, kwa sababu mzee amesema mtu, na mkamwana si mtu wa kumwinua mkwe. Njiani, akipiga madimbwi, aliiweka sikioni ya pili. Ilikuwa inasema vilevile, taratibu zaidi, na ulimi umeanza kuwa mzito. Hezroni hakuwepo. Mlangoni mwake palikuwa na kuku na kufuli. Alisimama pale akahema, akasikiliza ya tatu.

"Usije wewe," ilisema. "Mtafute Hezroni. Wewe usije, mwanangu, si vizuri." Kisha pakawa na kimya kirefu cha mtu anayehema. Hakusema kwamba amemaliza.

Hosiana aligeuka, akapanda mwinuko kwa njia kuu, ile ambayo hakuwahi kuipita mzee akiwa nyumbani. Mlangoni aliita kwa sauti, hodi, mara ya kwanza katika maisha yake, na hakuitwa ndani. Mzee alikuwa amelala ubavu kwenye kizingiti, nusu kivulini nusu juani, simu kifuani, mkono wake umepoa. Chakula hakikuguswa. Hosiana aliketi chini akamtazama usoni. Alimtazama kwa muda, kwa kuwa sasa hakuna aliyekatazwa. Hakufanana na Amon. Alikuwa na masikio makubwa na kovu dogo kwenye nyusi ambalo hakuwahi kulisimulia, na kwa jumla alikuwa mtu mdogo kuliko sauti yake.

Kisha akavua kanga ya kichwani, akamfunika.

Msiba ulikuwa mkubwa. Ng'ombe alichinjwa, kwaya zilikuja hata kutoka Mwaya, mchungaji alihubiri juu ya mtumishi mwaminifu. Amon alivuka mpaka wa Kasumulu siku ileile, macho mekundu, akiwa na shangazi na vitenge vya msiba. Hakuna aliyemlaumu Hosiana. Wazee walisema ni kiharusi, hata angeinuliwa mapema huenda yangekuwa yaleyale. Walisema huenda, wakaendelea na habari za kaburi. Prisca, ambaye kawaida hakosi la kusema, alikaa naye mkekani, amemshika mkono tu. Wanawake wengine walitahadhari wasiliseme jina la marehemu mbele ya wakamwana wake, na walikuwa sahihi.

Baada ya matanga, wageni wakishaondoka, Amon aliomba kusikiliza sauti zile tatu. Walikaa kibarazani kwa mzee, mahali ambapo Hosiana alikuwa akiweka chakula. Amon alifungua ya kwanza na ya pili akiwa ameinamisha kichwa. Alipomaliza aliuliza, si kwa hasira, kama mtu anayesoma jambo lililoandikwa ukutani.

"Kwa nini hakupiga? Angepiga ungesikia." Halafu hakungoja jibu, maana ni mtoto wa nyumba hiyo. Akasema, "Basi. Najua."

"Mimi ndiye niliyemwondolea mlio," Hosiana akasema. "Nilikwenda kwa fundi. Kwa ajili ya yale ya msibani, watu wasimcheke."

Amon aliigeuzageuza simu mkononi. Kuku walipita. Kisha akasema baba yake naye angefanya vivyo hivyo, na kwamba ndilo tatizo.

Alifungua ya tatu. Alipofika pale pa kuhema aliirudisha nyuma, akaisogeza simu sikioni, akairudisha tena.

"Huku nyuma kuna nini? Kama kuna watu wanaongea."

Hosiana aliichukua simu akasikiliza. Kutoka kibarazani, kupitia migomba, vichanja vya kokoa vilionekana vizuri, na spika bado ilikuwa imening'inia kwenye nguzo.

"Ni redio yangu," akasema.

Amon aliifungua tena. Sauti ya mzee ilikuwa hafifu mno sasa, maneno mawili matatu na pumzi. Redio ilisikika vizuri. Lilikuwa tangazo la sabuni ya kufulia, na jina la sabuni hiyo lilitajwa mara mbili.